Namba Kumi na Saba

Fomu ya taarifa ya tukio ina mistari kumi na miwili, na Jumapili asubuhi Mama Skauti alikuwa ameijaza yote kabla chai haijachemka. Aliandika kwa kalamu ya bluu, kwa herufi zilizosimama wima, kama anavyoandika idadi ya mashuka kwenye daftari la chumba cha ushonaji hospitalini, ambako alikuwa akitia viraka kwa mwaka wa thelathini sasa. Hakufuta neno hata moja. Akaisukuma mezani mbele ya mumewe, akaenda kuangalia birika.

Mumewe alikuwa fundi friji aliyestaafu, ila kustaafu kwenyewe hajakuzoea. Alivaa miwani, akasoma mstari wa kwanza: "Kosa ni langu. Nilihesabu kwa masikio, sikuhesabu kwa macho." Akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Aliuliza ni mtu gani anayeanza barua kwa kujifunga kamba mwenyewe. Mkewe akajibu kutoka jikoni kwamba hiyo si barua, ni taarifa.

Tukio lilikuwa la jana yake. Wasichana ishirini na wawili wa kundi la skauti wa kike walipanda kilima wakifuata alama za njia, mishale ya mawe iliyopangwa chini na wakubwa wao. Asubuhi kila mmoja alipewa namba, na kila waliposimama kupumzika walijihesabu kwa kupaza sauti, moja hadi ishirini na mbili. Saa nane mvua iliwakuta wakishuka. Dereva wa basi la shule akaanza kupiga honi. Mama Skauti alisimama mlangoni mwa basi, ameinamia karatasi iliyokwisha kulowa, akitia alama kila namba iliyoitwa. Zote ziliitwa. Basi likaondoka.

Namba kumi na saba hakuwa ndani. Alikuwa Sindano, msichana wa miaka kumi na mmoja, binti wa mfua nguo, aliyebandikwa jina hilo kwa wembamba wake na kwa namna anavyoingia na kutoka mahali bila mtu kumwona. Alikuwa amebaki nyuma kufunga kamba ya kiatu. Aliyeitika badala yake ni Kitinda, mtoto wa mwisho wa Mwalimu Mkuu, mwenye miaka sita, ambaye hakuwa na namba wala hakupaswa kuwepo. Kujiunga ni kuanzia miaka saba. Mama yake, Mwalimu Mkuu mwenyewe, alikuwa na kikao siku hiyo, akampandisha basini na chupa ya juisi, akasema atakuwa anatazama tu. Mchana kutwa Kitinda alitembea ameshika mkono wa Sindano, na mara tano alimsikia akiita kumi na saba. Mara ya sita, kumi na sita alipoitika na kukawa kimya, Kitinda aliona ni zamu yake. Aliita vizuri, kwa sauti ya kujiamini.

Iligundulika langoni mwa shule, wazazi walipokwisha kuondoka na watoto wao, akabaki mfua nguo peke yake akilitazama basi tupu. Walirudi kilimani kwa pikapu ya jirani. Upande wa pili wa kilima kuna machimbo ya kokoto yaliyojaa maji, na njia nzima hakuna aliyeyataja. Sindano walimkuta ameketi kwenye mshale wa mwisho, amejifunika koti la mvua la kundi, amekula nusu ya mkate na nusu ameiweka. Alikuwa amekaa hapo saa mbili na nusu.

Yote hayo yalikuwa kwenye mistari kumi na miwili.

"Huyu mtoto wa Mwalimu Mkuu," mumewe akasema, kidole kikiwa mstari wa tano, "ni lazima awemo?"

"Ndiye aliyeitika."

"Si useme tu, mtoto mmoja aliitika."

"Mmoja yupi? Wote ninawajua sauti zao."

"Ungezijua tusingekuwa hapa."

Mama Skauti aliweka vikombe mezani kimoja kimoja. Alisema hilo ni kweli, na kama fomu ingekuwa na mstari wa kumi na tatu angeliandika.

Mume hakutaka kushinda ubishi. Alitaka mstari wa tano utoke, na sababu ilikuwa imelala chumba cha pili. Binti yao alikuwa mwalimu wa muda katika shule ileile, mwaka wa tatu huu, na jalada lake la kuthibitishwa kazini lilitakiwa lifike ofisi ya elimu Ijumaa likiwa na pendekezo la Mwalimu Mkuu. Mwalimu Mkuu huyohuyo ndiye mlezi wa kundi, na taarifa ya tukio husainiwa na mlezi kabla ya kwenda kwa kamishna wa skauti wa wilaya.

"Karatasi mbili," mume akasema, "na kalamu ni ile moja."

*

Jumatatu Mama Skauti aliomba ruhusa ya saa moja kazini, apeleke taarifa ikasainiwe. Karani wa shule aliipokea, ila hakumwambia apite; alimwonyesha benchi la nje, ambapo wanafunzi wachelewaji hukalishwa wakisubiri adhabu. Alikaa kati ya wavulana wawili kwa dakika hamsini. Msichana mdogo wa mwisho wa benchi alimchungulia kwa muda, kisha akamuuliza, "Bibi, na wewe umechelewa?"

"Kidogo," akajibu.

Mwalimu Mkuu alisimama kumpokea, akamvutia kiti, akamwita mama. Ilikuwa haki yake kumwita hivyo. Miaka thelathini na miwili nyuma, katika stoo ya bati iliyo nyuma ya ofisi hii, alikuwa mtoto wa miaka tisa asiye na meno mawili ya mbele, akanyoosha vidole vitatu akatoa ahadi ya skauti mbele ya mwanamke huyuhuyu. Mama Skauti aliikumbuka siku ile kwa sababu mtoto alikosea neno, akakataa kuendelea mpaka aruhusiwe kuanza upya.

Mwalimu Mkuu alisema amesoma taarifa, ameipenda kwa ufasaha wake. Alikuwa na marekebisho madogo. Mstari wa tano utolewe. Mstari wa saba useme kwamba mwanafunzi aliondoka kwenye mstari bila ruhusa, kinyume cha maelekezo. Kisha mstari wa mwisho upendekeze mwanafunzi huyo apumzishwe kwenye kundi mpaka ajifunze nidhamu. Vitu hivyo tu.

"Alikuwa anafunga kiatu," Mama Skauti akasema.

"Mama, kilimani hakuna aliyemwona akifunga kiatu."

"Hakuna aliyemwona kabisa. Ndiyo kosa lenyewe."

Mwalimu Mkuu alishusha sauti. Alieleza kwamba mtoto asiyeandikishwa hana bima ndani ya basi la shule, kwamba bodi itataka kujua nani alimpandisha, na kwamba atakayeulizwa ni yeye.

"Na mimi nitaulizwa. Nimejitaja mstari wa kwanza."

"Wewe unajitolea, mama. Wakikutoa, utakwenda nyumbani utapumzika. Mimi hii ndiyo kazi yangu." Akaweka kiganja juu ya jalada la kijani lililokuwa pembeni ya meza, bila kulitazama. "Na si mimi peke yangu mwenye kazi hapa."

Mama Skauti aliusoma mwandiko wa binti yake juu ya jalada, kichwa chini miguu juu. Hakuhitaji kuugeuza.

"Mistari miwili mitatu," Mwalimu Mkuu akasema. "Nani ataumia?"

Alimrudishia taarifa yake, na juu yake fomu mpya, tupu. Wakati wa kuagana alinyoosha mkono wa kushoto, ambao ndio skauti husalimiana nao, kwa mazoea ya siku nyingi. Akagundua, akaurudisha, akatoa wa kulia.

*

Jioni ile binti alikuwa mezani na rundo la madaftari, anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Baba yake alikwisha kumweleza yote, na mengine ameyatia chumvi. Mama alipokaa, binti hakuinua macho.

Alimwambia aandike wanavyotaka. Alisema miaka mitatu anafundisha madarasa mawili kwa nusu mshahara, Jumamosi zake anazimaliza kwenye masomo ya ziada ili aonekane mtu wa bidii, na sasa yote yaishie kwenye kamba ya kiatu cha mtoto wa watu. Alisema mengine pia, ya zamani, ambayo hayakuhusu fomu.

"Kila Jumamosi ulikuwa na watoto ishirini. Mimi nilikuwa nani? Namba nne. Hata hapa nyumbani ulikuwa unaniita namba nne."

"Ulikuwa unaitika."

"Ningefanyaje, mama? Ulikuwa unatia alama."

Baba alicheka, akajikuta anacheka peke yake.

Mama Skauti hakujitetea. Alikuwa mtu wa kupima jambo kwa faida na hasara, kama anavyopima shuka kama litabeba kiraka au litupwe. Upande mmoja kulikuwa na mshahara kamili, pensheni, na chumba ambacho binti yake angepanga mwenyewe badala ya kulala kwenye kitanda cha utotoni akiwa na miaka ishirini na tisa. Upande wa pili kulikuwa na maneno kadhaa kwenye karatasi ambayo watu watatu wataisoma, kisha ikae kabatini. Akavuta fomu mpya. Aliandika mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa nne vilevile kama mwanzo. Wa tano akauruka. Alipofika wa saba aliandika: "Mwanafunzi aliondoka kwenye mstari bila ruhusa." Mumewe aliwasha redio, sauti ya chini, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mlango ukabishwa.

Alikuwa mfua nguo, na Sindano nyuma yake. Mikono ya mama mtu ilikuwa myeupe kwa sabuni hadi viwiko. Alileta koti la mvua la kundi, limefuliwa, limepigwa pasi, limekunjwa mara nne. Alikataa kiti. Alisema hakuja kukaa, amekuja kuomba radhi, kwa sababu karani wa shule amemwambia kwamba binti yake ndiye aliyewaletea watu matatizo, na kwamba Mama Skauti anafukuzwa kwa ajili yake.

"Nimeshamchapa," akasema. "Hatarudia."

Binti mwalimu aliacha kusahihisha. Sindano alikuwa amesogea mezani kuweka koti, akasimama hapo, macho juu ya fomu. Alikuwa msomaji mzuri. Wino ulikuwa haujakauka vizuri.

"Mimi ndiye mwanafunzi?" akauliza.

"Ndiye wewe," Mama Skauti akasema. Kusema uongo kwa mdomo alikuwa hajaanza.

Sindano alisoma tena, polepole. Hakulia. Alikuwa na swali, na alilipanga kabla ya kulitoa, kama alivyofundishwa.

"Ulisema ukipotea usitafute njia. Ukae kwenye alama ya mwisho, watarudi."

"Nilisema."

"Nilikaa. Niliwasikia watu wa machimboni wanaongea upande wa pili, nikataka kwenda, sikwenda." Akafikiri. "Kama kukaa ni kosa, siku nyingine nitembee?"

Redio ilikuwa inataja bei za nafaka. Baba aliizima.

Mama Skauti alikuwa amefundisha kanuni ile kwa miaka thelathini na mitano, na kabla ya hapo alifundishwa yeye, akiwa na umri wa mtoto huyu. Ilikuwa kanuni fupi kuliko zote, na ndiyo pekee ambayo mtu mmoja hawezi kuitimiza peke yake. Mmoja anakaa, mwingine anarudi. Aliiona hesabu yake ya jioni ile ilipokosewa. Alikuwa ameweka kwenye mizani karatasi itakayolala kabatini. Hakuweka mtoto atakayefuata, ambaye ataambiwa kwamba Sindano alikaa akafukuzwa, na ambaye mvua ikimkuta atanyanyuka na kutembea kuelekea kwenye sauti za machimboni.

"Hukukosea," akasema. "Nilikosea mimi siku ile, na leo nilikuwa nakosea mara ya pili." Akamgeukia mfua nguo. "Na wewe, mdogo wangu, usimchape tena kwa jambo hili. Mkono ukikuwasha, njoo unichape mimi."

Mfua nguo hakujua kama acheke. Alijifuta sabuni kwenye kanga, akasema yeye mbona hana ugomvi na mtu.

Walipoondoka, binti aliivuta ile fomu kwa ncha ya kidole. Akaisoma kama anavyosoma insha ya mwanafunzi aliyenakili. Kisha akashika kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja kutoka kona hadi kona, akaandika sifuri chini, akaizungushia duara.

"Ile ya kwanza iko wapi?" akauliza.

Baba alikuwa ameikalia. Alinyanyuka shingo upande.

*

Jumanne Mwalimu Mkuu alikataa kusaini. Hakugomba, alisema tu kwamba hana muda, na wiki ijayo pia hatakuwa na muda. Kwenye nafasi ya sahihi ya mlezi Mama Skauti aliandika tarehe, saa, na maneno mawili: "Ameombwa. Amekataa." Akatembea nayo hadi kwa kamishna wa wilaya.

Kamishna alikuwa muuguzi mstaafu mwenye miguu ya kuvimba, aliyesoma akiwa amesimama kwa sababu kukaa na kuinuka kulimchosha zaidi. Alisoma mara mbili. Alisema taarifa za aina hii huletwa kwake kila mwaka, na katika zote mtoto huwa ndiye aliyekosa. Hii ni ya kwanza ambayo mtoto amefanya sawa. Alisema atamwandikia Mwalimu Mkuu ajieleze. Kisha akamsimamisha Mama Skauti uongozi kwa miezi sita, kwa kuacha mtoto kilimani.

"Ni haki," Mama Skauti akasema. "Ningekuwa mimi ningetoa mwaka."

"Usinifundishe kazi," kamishna akasema, akapiga muhuri.

Hospitalini habari zilimtangulia. Kwenye chumba cha ushonaji wenzake walipokea marundo ya mashuka wakiyahesabu kwa kupaza sauti, moja, mbili, tatu, na mmoja akiitika toka nyuma ya pazia. Sokoni muuza nyanya alimuuliza kama mtoto wa watu amepatikana. Alijibu kila aliyeuliza, kwa maneno yaleyale, kwamba amepatikana, mzima, na aliyemwacha ni yeye. Kufika Alhamisi watu walichoka kuuliza. Mtu anayekubali kosa lake hanogi kutaniwa.

Shule ilibadilisha kufuli la stoo ya bati, makao ya kundi. Kamba, sufuria na bendera ya kundi vilitolewa vikawekwa barazani, jirani na ndoo za taka. Ijumaa jalada la kijani lilirudi mezani kwa binti, ndani lina neno moja kwa wino mweusi: "Lisubiri." Aliporudi nyumbani alimkuta baba yake amebeba kamba zote kwenye boksi la friji, anahema, analalamika kwamba hakuna mtu katika nyumba hii anayemwuliza maoni yake. Bendera alikuwa ameikunja mwenyewe, vibaya.

"Sasa Jumamosi watakusanyika wapi?" akauliza. "Na nani wa kuwaongoza? Huyu amefungiwa."

Binti aliweka jalada juu ya kabati la vyombo, mahali pa vitu visivyo na haraka.

"Jina langu liko kwenye karatasi ya kundi," akasema. "Msaidizi wa kiongozi. Hamkuwahi kunifuta."

"Hujafika mwaka mzima," mama yake akasema.

"Nimesema sijafutwa. Sijasema nimefika."

*

Walikusanyika kwenye uwanja wa nyuma ya tangi la maji, ambao si wa mtu. Walifika wasichana ishirini na wawili, wanne wakiwa wametoroka nyumbani, na mkutano ulipokwisha wakarudishwa nyumbani na mama zao wenyewe, waliokuja kuona. Kanuni inataka watu wazima wawili. Wa pili alikuwa mfua nguo, aliyeacha beseni zake na sharti moja, kwamba asivalishwe skafu.

Saa nne kasoro, msichana wa kazi wa Mwalimu Mkuu alifika amemshika Kitinda mkono. Alisema bosi ana kikao, anaomba mtoto atazame tu. Wasichana wakageuka wote kumtazama mwalimu wao, ambaye Jumatatu angekaa tena mbele ya mama wa mtoto yule.

"Mwambie hajafikisha umri," binti akasema. "Akifika miaka saba, amlete na fomu iliyosainiwa. Asaini mwenyewe."

Kitinda alisema anajua namba yake. Sindano akachuchumaa, akamwambia kwamba hiyo si yake, ila atatafutiwa nyingine, na ikifika ataiita yeye peke yake. Kitinda akaondoka akigeuka nyuma kila hatua tano.

Mama Skauti alikuwa amesimama kando ya uzio, bila filimbi, bila beji ya uongozi. Barua ya kamishna aliisoma mara nyingi. Iliandikwa asiongoze. Haikuandikwa asisimame. Binti alipopuliza filimbi na mstari ukaanza kujipanga kwa namba, alitembea hadi mwisho wake, akasimama kushoto kwa msichana wa ishirini na mbili, akaweka visigino pamoja. Mara ya mwisho kusimama mstarini kama mmoja wao alikuwa na miaka kumi na minne. Msichana wa ishirini na mbili alimtazama kwa pembe ya jicho, akasogea kidogo kumpa nafasi.

"Tutahesabu kwa utaratibu mpya," binti akasema. "Unaita namba, mimi nakuja mbele yako, nakutazama usoni, ndipo natia alama. Asiyetazamwa hajahesabiwa. Hata kama mvua inanyesha."

Ilichukua muda mrefu. Alikwenda hatua kwa hatua, akisimama mbele ya kila mmoja. Mfua nguo alimfuata nyuma, naye akitazama nyuso. Walipofika kumi na saba Sindano aliita kwa sauti ambayo wengi hawakujua kuwa anayo, na mama yake, ambaye hakuwa na karatasi, akaitikia kwa kichwa kwamba ndiye.

Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja. Ishirini na mbili.

"Ishirini na tatu," Mama Skauti akasema. Alikuwa ameinamia viatu vyake.

Binti alisimama mbele yake, kalamu juu ya karatasi. Hakutia alama.

"Sijakuona uso," akasema. "Rudia."

Mama Skauti aliinua kichwa, akamtazama namba nne, akaita tena.